Nyumba ya Mambrui Inauzwa

Suleiman alifika kwetu Kanyakine siku ya Jumamosi, wakati wa chai ya asubuhi, na yale manyunyu ya Julai yakiendelea kunyesha bila haraka, kama mtu anayejua hakuna wa kumfukuza. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akipanda njia katikati ya kahawa. Alitembea amejikunja. Koti alikuwa nalo, lakini lilikuwa koti la pwani, jepesi, la mtu ambaye hajawahi kulihitaji. Kofia yake nyeupe ilikuwa imelowa ikamganda kichwani.

"Mungu wangu," nikasema peke yangu, na maziwa yakafurika kwenye moto.

Nilikuwa najua anakuja. Kaka yangu Mwirigi alimpigia simu aje na funguo za nyumba, ili tuzungumze sote mbele ya baba na mambo yaishe. Tangu nisikie hivyo sikuwa nalala vizuri. Usingizi unakuja, unakaa kidogo, unaondoka. Mwanamke wa umri wangu, mwenye mjukuu anayeitwa jina lake kule Embu, anageuka kitandani kama msichana wa darasa la nane! Nilijionea haya hata nikiwa gizani.

Nyumba yenyewe baba aliijenga zamani, alipokuwa mpishi wa hoteli huko pwani. Iko karibu na Mambrui, pale Mto Sabaki unapoingia baharini, maji ya udongo yakikutana na maji ya chumvi. Ina vyumba vinne na baraza pana linaloangalia mto. Magoti ya baba yalipokataa kazi, alirudi Meru na kumwachia Suleiman, fundi wa kuezeka, aitunze na kuwakaribisha wageni wa likizo. Kila Agosti mtu wa familia alipaswa kwenda kuiangalia. Mwirigi ana duka lake Makutano, hawezi kuliacha. Kwa hiyo nilitumwa mimi, kwa sababu mjane, walisema, hana shughuli.

Miaka miwili sasa mwenye pesa fulani wa Nairobi anaitaka. Baba alisema haitauzwa mpaka watoto wake wawili wakubali. Mwirigi alikubali siku hiyohiyo. Mimi nilikataa. Mwaka huu nilisema ni kwa sababu ya kumbukumbu ya mama. Mwaka jana nilisema ni kwa sababu wajukuu watataka kuona bahari. Kabla ya hapo nilitoa sababu nyingine ambayo hata nimeisahau.

Sababu ya kweli ilikuwa inapanda njia na koti la pwani.

Nilifuta jiko haraka, nikapanguza mikono, nikaenda kufungua mlango. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari ya usiku kucha, na ndevu zake za mvi zilikuwa na matone ya mvua. Mwaka mzima nilikuwa nimepanga nitakachosema nikimwona tena.

"Umelowa," nikasema.

"Nimelowa," akasema. "Hujambo, Mama Kajuju?"

"Sijambo. Ingia, usisimame kwenye baridi."

Ndipo nikaona alichokuwa amekibana kwapani, ndani ya koti, akikikinga na mvua kuliko alivyojikinga mwenyewe. Ilikuwa miraa, imefungwa kwa majani ya mgomba, mabichi, yamezungushwa na kukazwa kwa kamba ya mgomba tangu chini mpaka juu, kama mtoto aliyefunikwa vizuri. Moyo wangu ulipiga mara moja kwa nguvu, kisha ukatulia kwa sababu niliuambia utulie. Nilijiambia ni mgeni, amenunua tu zawadi ya mzee, hajui.

Sisi wa Imenti hatulimi miraa kama watu wa Igembe, lakini kifurushi kile hata mtoto wa Meru anakijua. Tunakiita ncoolo. Miraa ya kutafunwa na marafiki haifungwi hivyo. Ncoolo hupelekwa kwa baba mwenye binti, na ikishawekwa mbele yake, hakuna haja ya hotuba. Nyumba nzima inajua kilicholetwa.

Sebuleni baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la makaa, blanketi magotini. Mwirigi na mke wake Alice walikuwa wamekaa kwenye makochi, vikombe mkononi.

"Shikamoo, mzee," Suleiman akasema, akainama.

"Marahaba, marahaba! Suleiman! Umezeeka, kijana wangu."

"Nimekufuata wewe, mzee."

Baba akacheka na kukohoa. Suleiman alitoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye meza mbele ya Mwirigi. Kisha akachukua kile kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya baba, akarudi nyuma, akaketi.

Alice alikuwa wa kwanza kuona. Kikombe chake kilisimama njiani.

"Eish," akasema. "Baba Kendi, unaona kile ninachoona?"

Mwirigi aliangalia meza, akamwangalia Suleiman, akaangalia meza tena. Halafu akacheka, kicheko kikubwa cha mtu wa duka.

"Bwana Suleiman! Nani alikuuzia hii?"

"Mama mmoja pale Makutano, karibu na stendi."

"Amekucheza, rafiki yangu! Hii si miraa ya kuletea mzee salamu. Hii ni ya posa! Huku kwetu ukileta hii, unataka bibi." Akampiga Alice begani kwa furaha. "Sasa tumpe nani? Hapa hakuna msichana. Kuna nyanya tu!"

Alice akacheka mpaka chai ikamwagikia sketi. "Mama Kajuju, jitayarishe! Umepata mchumba!"

Nami nikacheka. Ningefanya nini? Nilicheka nikiwa nimesimama na birika mkononi. Suleiman hakucheka. Aliangalia sakafu, mikono yake mikubwa ya fundi imekaa magotini.

Baba ana macho mabovu lakini anaona. Aliinua kidole na kicheko kikaisha.

"Mgeni hukosea," akasema polepole. "Si dhambi. Suleiman, kama hukujua, sema tu, tutaiweka kando, tunywe chai. Hakuna atakayekucheka tena. Mwirigi, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwake. Nilijua atatoka. Nilijua atasema, samahani mzee, sikujua, na tutaongea juu ya nyumba, na jioni atateremka njia ile na sitamwona tena maishani. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka aseme hivyo, yaishe.

"Mzee," Suleiman akasema, "nilijua."

Alice akageuka kumtazama.

"Yule mama aliniuliza mara mbili. Aliniuliza ni ya mtoto wako? Nikamwambia ni yangu mwenyewe. Akaniangalia mvi, akaita jirani zake waje waone." Alitabasamu kidogo, kwa uchovu. "Walinicheka sana, mzee. Lakini walifunga vizuri. Walisema kwa umri wangu nisiende na kitu legevu."

Mwirigi aliweka kikombe chini. "Subiri kwanza. Unamposa nani?"

"Gatwiri."

Aliniita Gatwiri. Miaka yote hiyo ilikuwa Bi Gatwiri au Mama Kajuju, hata tulipokuwa wawili tu barazani tukiangalia mto. Nilitafuta mahali pa kuweka birika nikapakosa, nikabaki nimelishika.

"Ahaa," akasema kaka yangu. Uso wake ulibadilika. "Ahaa! Sasa naelewa. Baba, unaona huyu mtu? Miaka yote amekaa kimya. Tunamwambia nyumba inauzwa, alete funguo, ndiyo siku anakumbuka kupenda! Leo! Dada yangu ndiye hataki kuuza. Akimwoa, nyumba haiuzwi ng'o. Atakaa pale barazani mpaka kufa, na mimi nitakuwa mjinga."

"Mwirigi," baba akasema.

"Hapana, baba, acha niseme. Si kwa ubaya. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningefanya hivyo."

"Na ni Mwislamu," Alice akaongeza kwa sauti ndogo. "Samahani, lakini ni lazima mtu aseme. Mama Kajuju ni wa umoja wa akina mama kanisani. Tutasemaje?"

Wote waliniangalia. Nami nilimwangalia Suleiman, na lazima nikiri kwamba maneno ya kaka yangu yaliniingia. Yaliniingia kama baridi inavyoingia kwa mtu ambaye hajavaa vizuri. Kwa nini leo? Agosti ngapi nimekaa naye pale barazani? Alikuwa akiniletea samaki kutoka kwa wavuvi wa mdomo wa mto, mimi nikimpikia mukimo wa ndizi na maharagwe, akila bila kusema ni mzito, ingawa ulikuwa mzito. Jioni alikuwa anakaa ngazi ya chini, mimi kiti cha juu. Hakuwahi kupanda ngazi ile. Hata mvua ikinyesha alikaa palepale mpaka alowe, kisha akaaga.

"Jibu," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka kavu. "Kaka yangu ameuliza. Kwa nini leo?"

Aliinuka. Sijui kwa nini aliinuka, labda alihitaji miguu yake.

"Mimi nilikuwa mfanyakazi wenu," akasema. "Mzee alinipa kazi nikiwa sina kitu, mke wangu amefariki, watoto wadogo. Alinipa funguo za nyumba yake. Mtu akikupa funguo za nyumba yake, halafu bintiye anakuja peke yake kulala humo, unakaa ngazi ya chini. Huwezi kumwambia neno. Akikukatalia, atakuja vipi tena kuangalia nyumba ya baba yake? Akikubali, watu watasema amekubali nini, na lini? Nilikaa ngazi ya chini."

"Na leo?" Mwirigi akauliza.

"Leo funguo ziko mbele yako. Nimeacha kazi. Uza, usiuze, mimi si mlinzi wenu tena. Niliposikia nyumba inauzwa, Mwirigi, nilishukuru Mungu. Nilishukuru miaka miwili iliyopita ulipoanza kusema utauza. Nikangoja. Nikasikia dada yako amekataa." Akageuka kwangu. "Nikasikia umekataa tena. Nikasema basi, huyu mama anapenda nyumba yake, na mimi nitazeekea hapa ngazini."

Niliketi. Birika nililiweka sakafuni, juu ya mkeka mzuri aliotuletea Alice.

Sijui kama mtu mwingine amewahi kujifunga mlango mwenyewe halafu akalia kwamba amefungiwa. Niliishikilia nyumba ile kwa meno ili nisimpoteze mtu huyu. Niligombana na kaka yangu, nikamchosha baba, nikamtaja mama yangu marehemu bure. Kumbe kila nilipokataa, nilikuwa nampa amri akae palepale chini alowe.

"Wewe ulijuaje mambo ya ncoolo?" nikamwuliza. Ni swali dogo, lakini sikuwa na nguvu ya kubwa.

"Uliniambia wewe."

"Mimi?"

"Mwaka ule taa za umeme zilipotea mji mzima. Ulinihadithia Kivuti, Mungu amrehemu, alivyokuja kukuposa kutoka Kanja na kreti ya soda na sukari, kwa sababu ni Mwembu, na wajomba zako walivyonung'unika. Ulicheka. Kisha ukasema, kwa hiyo mimi sikuletewa, wenzangu wote waliletewa. Halafu ukanyamaza muda mrefu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sauti ya mto usiku ule.

"Ulisema kama mtu asemaye jambo la kawaida," akasema. "Mimi sikuliona la kawaida."

Alice alikuwa ametoa leso, anajifuta. "Mimi siko upande wowote," akasema akipenga kamasi. "Lakini Baba Kendi, wewe uliniletea lini kitu, isipokuwa unga?"

"Alice, tafadhali."

"Nauliza tu."

Mwirigi alijikuna kichwa. Nampenda kaka yangu. Ni mtu wa kelele, si mtu mbaya. Alimgeukia baba kama anavyofanya tangu utotoni, mambo yakimshinda.

"Baba, sema kitu. Na dini?"

Baba aliinyoosha mikono yake juu ya makaa, akaikunja, akainyoosha tena.

"Wewe Suleiman, unataka kumtoa binti yangu kanisani?"

"Hapana, mzee. Dini yangu hainizuii kuoa Mkristo. Jumapili atakwenda kwake, Ijumaa nitakwenda kwangu. Siku zinazobaki ni nyingi."

"Mchungaji atasema mengi."

"Na imamu wangu atasema, mzee. Tutakuwa na watu wengi wa kusikiliza."

Baba akatoa kicheko kidogo cha puani. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ukawa wa zamani sana, uso wa wakati nilipokuwa mdogo ninaanguka na yeye ananiangalia kwanza aone kama nitainuka mwenyewe.

"Mwari," akaniita, binti. "Hii kitu haijibiwi na mimi peke yangu. Ukisema irudishwe, itarudishwa, na hakuna atakayekuuliza. Ukisema ibaki, nitawaita wajomba zako na tutakaa. Kubaki si harusi. Kubaki ni kuongea."

"Nani atakaa na wewe, baba?"

Ndilo lililotoka. Sikulipanga. Tangu nirudi kutoka Kanja nimemwosha mzee huyu miguu, nimempikia uji, nimempeleka kliniki, nimemsomea Biblia kwa shida, mimi niliyeishia darasa la nne, nikiruka maneno magumu naye akijifanya hajui.

"Nimechoka na uji wako," baba akasema.

"Baba!"

"Kweli. Unaweka maji mengi. Miaka yote hii nimenyamaza kwa heshima. Alice anapika mzito."

Alice akainua macho. "Mimi?"

"Wewe. Chumba cha nyuma ya duka huko Makutano si kina jua? Nitakaa huko nione watu. Hapa naangalia kahawa inavyokua, nami si kahawa."

Nilimwona Mwirigi akifikiria magunia atakayohamisha kwenye chumba kile.

"Na kama watakaa huko pwani, watakaa wapi?" akauliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyumba ikiuzwa?"

"Nina vyumba vyangu viwili mjini," Suleiman akasema. "Si vikubwa. Havioni mto. Lakini paa niliezeka mwenyewe, halivuji. Na asipotaka pwani, nitakuja huku. Mtaa wa Majengo hapo Meru kuna msikiti, na nyumba zinavuja kila mahali, nitapata kazi." Akavuta koti lake lile jepesi. "Ila itabidi mtu aninunulie koti."

Nilimwangalia. Mwanaume mzima, mvi, amelowa, anatetemeka kwa baridi ya mlimani aliyoikubali kwa mdomo kabla hajaijua. Nilitaka kulia lakini hata machozi yalikuwa yamechoka. Yalikaa tu.

"Mwirigi," nikasema.

"Ee."

"Mpigie mtu wako wa Nairobi. Uzeni."

Kaka yangu alinikodolea macho. Hili ndilo neno aliloligombania, na sasa nimelitoa bila kelele, hakujua pa kuliweka. "Uko na uhakika? Si ulisema ni kumbukumbu ya mama?"

"Mama hakuwahi hata kulala huko. Alisema chumvi inamharibia ngozi. Nilikuwa nasema tu."

"Kwa hiyo muda wote huo..."

"Muda wote huo sikuwa nalilia nyumba, kaka."

Nje manyunyu yaliendelea kwenye mabati. Baba alisogeza kile kifurushi karibu na mguu wake, mbali na joto la makaa ili majani yasikauke, akakiwekea mkono juu.

"Basi imebaki," akasema. "Mwirigi, wapigie wajomba pia. Waje wiki ijayo na maneno yao yote."

Wakaanza kupanga. Nani aitwe, nani asiitwe kwa sababu ya mdomo wake, mchungaji aambiwe na nani. Alice alisema yeye hawezi, Mwirigi akasema yeye ndiye anafaa, wakabishana. Niliokota birika, nikamimina chai iliyobaki, nikampelekea Suleiman kikombe.

Hakukipokea. Nilidhani anasikiliza. Nilimwinamia nikaona amelala. Alikuwa amelala pale kwenye kochi ameketi wima, mikono magotini, kama mtu aliyeweka mzigo chini na mwili ukamfuata. Sikuwahi kumwona amelala. Huko Mambrui siku zote yeye ndiye aliyeondoka, mimi nikabaki. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo. Alionekana mzee, na sikujali.

"Huyu mtu amelala!" Mwirigi akasema. "Tunaongea juu yake, yeye amelala?"

"Mwache," nikasema. "Amesafiri usiku wote."

Nilienda chumbani kwangu nikatoa blanketi la kitanda changu, lile zito la kahawia. Nilirudi nalo sebuleni, nikamfunika mabega na magoti, nikalipachika vizuri shingoni, polepole, mbele ya kaka yangu, mbele ya wifi yangu, mbele ya baba yangu mzazi. Kisha nikaketi kwenye kochi lilelile, upande wake, nikanywa ile chai yake.